Hesabu za uwiano kwa milinganyo miwili: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha hisabati jioni na Jumamosi hapa Umoja, Nairobi. Wanafunzi wangu wengi ni wa sekondari, na mara kwa mara mzazi huja akaketi nyuma asikilize. Maswali yaliyo hapa yametoka kwao. Nimeyajibu kwa Kiswahili kwa makusudi. Shuleni hisabati hufundishwa kwa Kiingereza, lakini mara nyingi nimeona mtoto aliyekwama akifunguka pale ninapomwambia: funika daftari, nisimulie hilo swali kama unavyomsimulia nyanyako.

Uwiano unaniambia nini hasa?

Unakuambia mafungu, haukuambii idadi. Mama mwenye kibanda akisema chapati zake kwa mandazi ni 3 kwa 5, huenda ana chapati 3 na mandazi 5. Huenda ana 30 na 50, au 21 na 35. Zote hizo ni kweli. Alichokupa ni kwamba kila penye mafungu matatu ya chapati pana mafungu matano ya mandazi, na mafungu yote yanalingana. Ukubwa wa fungu moja hajakuambia, na huo ndio unaoutafuta karibu katika kila swali la aina hii.

Na milinganyo ya pamoja inaingilia wapi?

Ukiwa na vitu viwili usivyovijua, unahitaji habari mbili. Uwiano ni habari moja. Swali litakupa nyingine: jumla, tofauti, au jambo lililotokea baadaye likabadilisha uwiano. Kila habari inaandikwa kuwa mlinganyo, kisha unatafuta nambari mbili zinazoitosheleza milinganyo yote miwili kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo maana ya kuitatua kwa pamoja. Nambari inayoutosheleza mlinganyo mmoja na kuukosea mwingine si jibu.

Swali likiwa refu, nianzie wapi?

Anza kwa kuhesabu sentensi zinazobeba habari. Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho, kwa sababu nitaurudia tena na tena.

Asubuhi, uwiano wa chapati kwa mandazi kibandani ni 3 kwa 5. Mafundi wa mjengo wanapita na kununua chapati 6. Mama anakaanga mandazi 10 zaidi. Sasa uwiano wa chapati kwa mandazi ni 1 kwa 3. Asubuhi alikuwa na ngapi za kila aina?

Hapa kuna nyakati mbili: asubuhi, na baada ya mafundi kupita. Kila wakati una uwiano wake, kwa hiyo kila wakati una mlinganyo wake.

Andika kwanza, kwa maneno kamili: c ni idadi ya chapati za asubuhi, m ni idadi ya mandazi ya asubuhi. Usiandike "c = chapati". Nitaeleza sababu katika swali linalofuata.

Asubuhi: c/m = 3/5. Zidisha kwa mshazari, yaani nambari ya juu ya kila upande kwa ya chini ya upande wa pili: 5c = 3m.

Baadaye chapati zimebaki c − 6, mandazi yamefika m + 10:
(c − 6)/(m + 10) = 1/3
3(c − 6) = m + 10
3c − 18 = m + 10
m = 3c − 28

Sasa ipachike m hiyo kwenye mlinganyo wa kwanza:
5c = 3(3c − 28)
5c = 9c − 84
84 = 4c
c = 21

Na m = 3 × 21 − 28 = 35.

Usifunge daftari bado, rudi kibandani. Chapati 21 kwa mandazi 35 ni 3 kwa 5, sawa. Ondoa chapati 6, zimebaki 15. Ongeza mandazi 10, yamekuwa 45. Na 15 kwa 45 ni 1 kwa 3. Hadithi imetimia.

Kwa nini ni 5c = 3m? Chapati si ndizo zenye 3?

Hili ndilo kosa ninalolisahihisha kuliko yote, na halitokani na uvivu. Mtoto anasoma "chapati 3 kwa mandazi 5", mkono wake unafuata macho, anaandika 3c = 5m. Anaisoma kama orodha ya sokoni: chapati tatu, mandazi matano. Ndiyo maana nilisema usiandike "c = chapati". Ukiandika hivyo, c inageuka kuwa jina la kitu, na 3c inasomeka "chapati tatu". Lakini c ni nambari. 3c maana yake ni idadi ya chapati ikizidishwa mara tatu.

Jaribu kwa nambari ndogo kabisa: c iwe 3, m iwe 5. Je, 3c = 5m? Upande mmoja 9, upande wa pili 25. Hapana. Je, 5c = 3m? 15 na 15. Ndiyo. Jaribio hili linachukua sekunde chache na linaokoa swali zima.

Liwaze hivi pia: chapati ni chache kuliko mandazi. Ili pande mbili zilingane, kilicho kichache lazima kizidishwe kwa nambari kubwa. Ukikizidisha kichache kwa 3 na kingi kwa 5, umezidi kuitanua tofauti badala ya kuiziba.

Ukiendelea na 3c = 5m katika swali letu, utapata m = 7 na c = 35/3, yaani chapati kumi na moja na theluthi mbili. Hakuna mama kibandani anayehesabu chapati hivyo. Idadi ya vitu vizima ikikutokea na sehemu, rudi juu. Mara nyingi kosa liko kwenye mlinganyo wa kwanza kabisa.

Nilihakiki jibu langu na uwiano ukakubali, lakini nilikosa. Inawezekanaje?

Inawezekana kabisa, ikiwa ulihakiki sentensi moja tu. Chukua kosa la mabano. Mwanafunzi ana (c − 6)/(m + 10) = 1/3, anazidisha kwa mshazari na kuandika 3c − 6 = m + 10. Ile 3 imeigusa c ikaisahau 6. Akiendelea anapata m = 3c − 16, halafu 5c = 9c − 48, basi c = 12 na m = 20.

Anahakiki: 12 kwa 20 ni 3 kwa 5. Anafurahi, anapiga mstari chini ya jibu.

Lakini uwiano wa kwanza ungekubali hata hivyo, kwa sababu kosa lake halikuwa huko. Angesonga mbele hadi baada ya mafundi kupita angeona chapati 6 na mandazi 30, ambayo ni 1 kwa 5, si 1 kwa 3. Kwa hiyo uhakiki lazima upitie kila sentensi ya hadithi. Na uhakiki kwenye hadithi yenyewe, usihakiki kwenye milinganyo uliyoiandika, maana mlinganyo ukiwa umeandikwa vibaya utalikubali jibu baya bila kulalamika.

Wenzangu hutumia k na kumaliza kwa mistari mitatu. Ni njia sahihi?

Ni sahihi, na mimi huipenda. Badala ya herufi mbili unaandika chapati ni 3k na mandazi ni 5k, k ikiwa ukubwa wa fungu moja. Mlinganyo wa kwanza umeshatumika kimyakimya, umebaki wa pili tu:

3(3k − 6) = 5k + 10
9k − 18 = 5k + 10
4k = 28
k = 7

Chapati 3 × 7 = 21, mandazi 5 × 7 = 35.

Nilipokuwa shuleni, mwalimu wangu aliiandika hiyo k ubaoni bila kutuambia imetoka wapi. Kwa muhula mzima niliamini k ni herufi maalumu ya uwiano, kama vile kuna sheria fulani. Hakuna. Ungeweza kuandika f ya fungu. Muhimu ujue kwamba k si jibu. Kila wiki naona karatasi iliyoandikwa "k = 7" ikaishia hapo, ilhali swali liliuliza chapati ni ngapi.

Shauri langu: kama wewe ni mgeni wa mada hii, andika milinganyo miwili kamili hadi mkono uzoee, kisha hamia kwenye k. Anayeanza na k hukwama siku anapokutana na swali lenye uwiano wa aina mbili tofauti, kama hili linalofuata.

Swali likiwa na uwiano mbili za vitu tofauti, nitumie herufi ileile?

Hapana. Tazama.

Wanaboda wawili wanafanya kazi kwenye steji moja. Mapato yao ya siku yana uwiano wa 5 kwa 4. Matumizi yao, mafuta na chakula, yana uwiano wa 3 kwa 2. Wa kwanza anaweka akiba ya shilingi 900, wa pili 800. Kila mmoja alipata ngapi?

Fungu la mapato lina ukubwa wake, na fungu la matumizi lina ukubwa wake. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba yanalingana. Kwa hiyo mapato ni 5x na 4x, matumizi ni 3y na 2y:

5x − 3y = 900
4x − 2y = 800

Mlinganyo wa pili unagawanyika kwa 2: 2x − y = 400, basi y = 2x − 400. Pachika kwenye wa kwanza:
5x − 3(2x − 400) = 900
5x − 6x + 1,200 = 900
x = 300, na y = 200.

Wa kwanza alipata shilingi 1,500 akatumia 600. Wa pili alipata 1,200 akatumia 400. Akiba ni 900 na 800, kama tulivyoambiwa.

Angalia sasa yule aliyetumia x pande zote. Kwa mtu wa kwanza, 5x − 3x = 900, basi x = 450. Kwa mtu wa pili, 4x − 2x = 800, basi x = 400. Fungu moja haliwezi kuwa na ukubwa wa 450 na 400 kwa pamoja. Hesabu yenyewe imekwambia umekosea. Mwanafunzi wa hatari ni yule anayefanya mstari wa kwanza tu, akapata 450, akaandika mapato ni 2,250 na 1,800 bila kumgusa mtu wa pili.

Kupachika au kuondoa, ipi bora?

Ikiwa herufi moja imesimama peke yake, au inaweza kusimamishwa bila kuzaa sehemu, pachika. Ikiwa milinganyo imejipanga kama ile ya wanaboda na nambari hazigawanyiki vizuri, ondoa: zidisha mmoja au yote hadi herufi moja iwe na nambari ileile juu na chini, kisha toa. Zote mbili zinakufikisha. Ukiondoa, tahadhari na alama ya kutoa: −6y ukitoa −6y ni sifuri, na ukijumlisha ni −12y. Makosa ya hapo ni ya haraka, si ya kutoelewa.

Maswali ya umri hunichanganya. Nifanyeje?

Chora jedwali. Safu moja ya mama, moja ya mtoto, na nguzo tatu: zamani, sasa, baadaye. Miaka hupita kwa wote, na hilo ndilo linalosahaulika.

Miaka 4 iliyopita, uwiano wa umri wa mama kwa mtoto ulikuwa 6 kwa 1. Miaka 6 ijayo utakuwa 8 kwa 3. Wana umri gani sasa?

Sasa mama ana a, mtoto ana t. Miaka 4 iliyopita walikuwa a − 4 na t − 4. Si mama peke yake aliyekuwa mdogo.
a − 4 = 6(t − 4), basi a = 6t − 20
3(a + 6) = 8(t + 6), basi 3a = 8t + 30

Pachika: 3(6t − 20) = 8t + 30; 18t − 60 = 8t + 30; 10t = 90; t = 9 na a = 34. Hakiki: zamani 30 kwa 5, yaani 6 kwa 1. Baadaye 40 kwa 15, yaani 8 kwa 3.

Lakini kuna kitu kizuri hapa ambacho hupenda kumwonyesha mtoto akishapata jibu kwa njia ndefu. Uwiano wa umri hubadilika kila mwaka, ila tofauti ya umri haibadiliki hata siku moja. Mama aliyemzidi mwanawe miaka 25 atamzidi miaka 25 hadi mwisho. Sasa tazama uwiano wetu: 6 toa 1 ni mafungu 5; 8 toa 3 pia ni mafungu 5. Tofauti ni ileile, mafungu ni yaleyale matano, kwa hiyo fungu la zamani na fungu la baadaye lina ukubwa mmoja. Mtoto ametoka fungu 1 hadi mafungu 3, yaani ameongeza mafungu 2, katika miaka 10. Fungu moja ni miaka 5. Zamani mtoto alikuwa na 5, mama 30. Imeisha, bila mlinganyo hata mmoja.

Si kila swali hukupa zawadi hiyo. Mafungu ya tofauti yasipolingana unaweza kuyalinganisha kwa kuzidisha, mradi uwe na subira. La kama huna, milinganyo miwili haijawahi kukataa kazi.

Maneno gani ya swali huwapoteza wanafunzi?

La kwanza ni tofauti ya "kwa" na "hadi". Bei ikipanda kwa shilingi 20, unaongeza 20. Bei ikipanda hadi shilingi 20, sasa ni 20 na huongezi kitu. Nimeona wanafunzi werevu wakianguka hapo, iwe swali limeandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza.

La pili ni mpangilio. "Uwiano wa wasichana kwa wavulana ni 4 kwa 7" unafuata mpangilio wa maneno: wasichana 4, wavulana 7. Swali linaweza kukugeuzia mpangilio katika sentensi ya pili, likasema "uwiano wa wavulana kwa wasichana". Piga mstari chini ya jina la kwanza kila mara unapoona neno uwiano.

La tatu ni "alimpa". Juma akimpa Achieng shilingi 50, Juma anapungukiwa na 50 na Achieng anaongezewa 50. Ni mabadiliko mawili kwa neno moja. Akizitumia dukani, ni badiliko moja tu.

La nne ni "sasa" na "mwanzoni". Amua mapema herufi zako zinasimamia wakati gani, na uliandike hilo.

Kwenye swali la noti za makanga, uwiano ni wa noti au wa pesa?

Soma neno lililo karibu na uwiano. Tuseme makanga, yaani kondakta wa matatu, ana noti za 50 na za 100, uwiano wa idadi ya noti ni 4 kwa 3, na pesa zote ni shilingi 2,500. Noti ni 4k na 3k. Pesa ni 50 × 4k na 100 × 3k, yaani 200k na 300k. Jumla 500k = 2,500, k = 5. Noti za 50 ni 20, za 100 ni 15. Aliyegawanya 2,500 kwa mafungu 7 alichanganya noti na shilingi, na hesabu ikamkatalia palepale kwa kuwa 2,500 haigawanyiki kwa 7.

Je, kila swali la uwiano linataka milinganyo miwili?

Hapana, na kujua pasipohitajika ni nusu ya ustadi. Fundi anayechanganya zege kwa uwiano wa 1:2:4, yaani simiti, mchanga na kokoto, akiwa na vipimo 35 kwa jumla, anajumlisha mafungu kuwa 7, anagawanya 35 kwa 7, anapata 5. Simiti 5, mchanga 10, kokoto 20. Ukiwa na uwiano na jumla, jumlisha mafungu ugawanye. Ukiwa na uwiano na tofauti, toa mafungu ugawanye. Milinganyo ya pamoja inahitajika pale hali inapobadilika katikati ya hadithi, au uwiano unapokuwa zaidi ya mmoja.

Uwiano wa A kwa B na wa B kwa C: naunganishaje?

B lazima iwe na nambari moja pande zote. A kwa B ni 2:3, B kwa C ni 4:5. Nambari ndogo inayogawanyika kwa 3 na kwa 4 ni 12. Ya kwanza inakuwa 8:12, ya pili 12:15, basi A:B:C ni 8:12:15. Wakigawana shilingi 7,000, mafungu ni 35, kila moja 200: wanapata 1,600, 2,400 na 3,000.

Naweza kwenda kinyume, yaani nitumie mlinganyo kuutafuta uwiano?

Ndiyo, na wafanyabiashara huihitaji hii kuliko tunavyofikiri. Muuzaji ana pishori ya Mwea ya shilingi 200 kwa kilo, na mchele mwingine wa shilingi 140. Anataka kuchanganya apate mchele wa shilingi 160 kwa kilo, bila faida wala hasara. Tuseme kilo p za pishori na q za ule mwingine:

200p + 140q = 160(p + q)
40p = 20q
p : q = 1 : 2

Kilo ngapi hasa? Mlinganyo huo hauwezi kukwambia. Mwambie anataka kilo 30 kwa jumla, p + q = 30, na sasa una habari mbili: kilo 10 na kilo 20.

Nimefika 0 = 0. Nimekosea?

Huenda hukukosea, huenda habari zako mbili ni habari moja iliyovaa nguo mbili. "Wasichana kwa wavulana ni 3 kwa 5" na "wasichana ni 3/8 ya darasa" zinasema kitu kilekile. Ukipachika moja kwenye nyingine, kila kitu kinafutika. Rudi kwenye swali, kuna sentensi hujaitumia. Ukifika kitu kama 0 = 12, milinganyo yako inapingana; hapo angalia kama umenakili nambari vibaya.

Kwa nini tunahamisha nambari ng'ambo na kubadilisha alama?

Hakuna kinachohamishwa. Katika 3c − 18 = m + 10 unaongeza 18 pande zote mbili; kushoto kilichokuwa kimeondolewa kimerudishwa, kulia pamekuwa na 28. Jina aljebra lenyewe linatokana na Kiarabu al-jabr, kurudisha au kuunganisha, neno linalotumika hata kwa kuunga mfupa uliovunjika. Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, alilitumia kwa tendo hilohilo la kurudisha kilichotolewa. Yeye aliandika kila kitu kwa maneno. Alama ya = ililetwa na Robert Recorde wa Wales mwaka 1557, miaka zaidi ya 700 baadaye. Kwa hiyo mtoto anayeweza kulisimulia swali kwa maneno hayuko nyuma. Ameanza pale wenyewe walipoanzia.

Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, nikikosea jibu la mwisho napoteza maksi zote?

La. Usahihishaji wa hisabati una maksi za njia na maksi za jibu. Milinganyo miwili iliyoandikwa sawasawa ina thamani hata kama ulijumlisha vibaya baadaye. Aliyeandika jibu tupu, likawa na kosa, hana cha kuokolewa. Karatasi zote mbili ni za saa 2 na nusu, na sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima, kwa hiyo usizame kwenye swali moja la uwiano kwa dakika ishirini. Andika herufi zinasimamia nini, andika milinganyo yote miwili, na ukikwama songa mbele kisha urudi.

Mimi ni mzazi na hesabu niliziacha zamani. Nitamsaidiaje mwanangu?

Huhitaji kuijua njia. Mwombe akusomee swali, kisha umuulize mambo matatu: Hii herufi ni idadi ya nini? Habari ya pili iko sentensi gani? Jibu lako ukilirudisha kwenye hadithi, linakubali? Mama mmoja auzaye mboga alikuwa akimuuliza binti yake swali la tatu peke yake, kila jioni, huku akikata sukuma. Yule msichana alianza kukamata makosa yake mwenyewe kabla hajaniletea daftari.

Nipe machache nijaribu.

La kwanza. Ukipima kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, uwiano wa mahindi kwa maharagwe ni 5 kwa 2. Ukiongeza gorogoro 3 za maharagwe, uwiano unakuwa 2 kwa 1. Mahindi ni gorogoro ngapi?

La pili. Umri wa baba kwa mwanawe sasa ni 5 kwa 2. Miaka 10 iliyopita ulikuwa 4 kwa 1. Wana umri gani?

La tatu. Wauza mitumba wawili wa Gikomba wana mauzo ya uwiano wa 7 kwa 5 na gharama za uwiano wa 4 kwa 3. Faida ya wa kwanza ni shilingi 600, ya pili 300. Kila mmoja aliuza kwa shilingi ngapi?

Majibu: mahindi gorogoro 30 na maharagwe 12 ya mwanzo, baba 50 na mwana 20, mauzo 4,200 na 3,000. Katika la tatu utaona kupachika kunazaa sehemu mbaya. Zidisha wa kwanza kwa 3 na wa pili kwa 4, y itaondoka yenyewe ikuachie x = 600.